Jicho la Kulia

Jumatatu, 3 Februari

Daftari jipya. Lile la zamani liliishia siku ya mtihani wa mwisho na sitaki kulifungua mpaka matokeo yatoke.

Leo nimeanza kazi, kama hii ni kazi. Mama, ambaye ni mwalimu wa fizikia hapo, amemwomba mkuu wa shule nimsaidie maabara wakati nasubiri. Kupanga vioo, kuhesabu pini, kufuta lenzi kwa kitambaa cha pamba na si kwa sketi (amelirudia hilo mara tatu). Nimeingia kwa mlango uleule niliotokea Novemba, ila sasa nasimama upande wa kabati. Kidato cha tatu wameniangalia kama samani iliyoletwa jana. Afadhali. Mimi na kabati tunaelewana.

Mama ameanza mada ya mwanga. Miale, vioo, lenzi. Aliposema tu "taswira" darasa likaguna kama gari bovu. Binti mmoja wa mbele, wanamwita Kasuku, akauliza kama kuna mtu aliyewahi kula taswira akashiba. Mama alicheka kuliko wote. Mada hii anaipenda kupita zote. Wanamwita Madam Lenzi, naye anajifanya hajui.

Kisha akaweka mezani sanduku la viatu lenye tundu. Kila kipindi kila mtu aandike kwenye kikaratasi anavyoihisi mada hii, bila jina, bila woga. "Mkinitukana, mnitukane kwa sentensi kamili." Kazi yangu ya pili ni kumsomea tukirudi nyumbani. Macho yamechoka, amesema.

Tuko wawili tu nyumbani. Tangu lini macho yake yamechoka? Nimejaribu kukumbuka. Sikumbuki.


Jumanne, 4 Februari

Vikaratasi arobaini na kimoja! Nimesoma huku Mama akikata vitunguu. Nanakili vichache nisije nikavisahau.

"Napenda vioo. Sipendi milinganyo. Naomba vitenganishwe."

"Taswira dhahania ni kama mjomba wangu. Unamwona, anaahidi, ukienda kumshika hayupo."

"Mwale mnauchora kwa rula. Jua lina rula gani?"

"Nikichora, miale yangu haikutani. Nafuta, nachora, karatasi inatoboka. Nimeanza kuichukia karatasi."

"Jana nimeelewa kitu cha kwanza katika fizikia tangu nizaliwe. Nimekibeba njia nzima kama yai."

"Sioni faida."

Kwa mjomba Mama alicheka mpaka akafuta machozi. Vitunguu hivi, akasema. Kwa yai aliweka kisu chini. Kisha akasema huyo mmoja anatosha, anaweza kumfundisha huyo mpaka astaafu.

Kulikuwa na kingine: "Kwa nini Madam anaweka chaki hewani?" Nilikisoma mbiombio. Mama akasema wakorofi hao. Lakini ni kweli. Leo aliweka chaki kando ya meza, si juu yake, ikaanguka ikavunjika. Mara mbili. Wanadhani ni mchezo wake, kama michezo yake mingine.

Anakata vitunguu bila kuvitazama. Kisu kinafuata vidole.


Alhamisi, 6 Februari

Pini.

Nimeisubiri siku hii. Ndilo zoezi nililolipenda kuliko yote nilipokuwa kidato cha tatu. Unalaza kipande cha kioo kinene juu ya karatasi, unachomeka pini mbili upande wa huko. Unainama mpaka shavu liguse meza, unafunga jicho moja, unachungulia kupitia kioo. Unachomeka ya tatu na ya nne upande wako mpaka zote zijifiche nyuma ya moja. Nne ziwe moja. Hapo unajua mwanga umepita wapi.

Na Mama akautoa utani wake wa kila mwaka: "Fungeni la kulia. La kulia ni la kulia tu, kazi yake machozi. La kushoto ndilo la kazi!" Wakacheka. Hata sisi tulicheka, mwaka wetu.

Sasa, nikiwa pale kabatini, nimeona kitu ambacho sikuweza kukiona nilipokuwa nimeinama na wenzangu. Vichwa arobaini na kimoja juu ya meza, vyote vimefunga jicho la kulia. Vyote! Hata Kasuku, anayeandika kwa mkono wa kushoto na jicho lake halitaki kufunga, amelishikilia kwa kidole gumba. Kila aliyepita mikononi mwa Mama anafunga la kulia. Hata mimi. Nimejaribu sasa hivi dirishani bila kufikiri, na ndilo lililofunga.

Meza ya Kasuku imebanwa na ukuta. Mama alipokwenda kumkagulia hakuweza kuinamisha kichwa upande aliouzoea. Ikabidi atumie jicho lile jingine. Akafunga la kushoto, akachungulia. Akakaa hapo muda mrefu. Halafu akasema ziko sawa, moja kabisa, safi.

Pini ya nne ilikuwa imelala mezani. Ilikuwa imeanguka.

Kasuku ana neno kwa kila kitu. Leo hakusema neno. Alinitazama mimi. Hilo ndilo lililonitisha.


Ijumaa, 7 Februari

Nitaandika taratibu leo.

Vikaratasi vya pini. Vingi vya furaha! "Zilipokuwa moja nilihisi kama nimeambiwa siri." Mwingine: "Mgongo. Mgongo. Mgongo." Mwingine: "Jicho langu la kulia limekufa ganzi kwa kufungwa, Madam utalifidia?" Huyo ni Kasuku, hahitaji kuandika jina.

Kisha kimoja cha penseli, mwandiko mdogo ulionyooka.

"Madam haoni jicho moja. Tusimcheke. Nani atamwambia?"

Nikakisogeza chini ya rundo nikasoma kinachofuata. Sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine.

Nilipomaliza, Mama akafuta mikono, akavikusanya, akavihesabu kwa kidole gumba kama anavyohesabu mitihani. Akasema viko arobaini na kimoja, na nimemsomea arobaini.

"Kimoja ni kitupu, Mama."

"Nipe."

Ningeweza kumpa chochote. Nilimpa kilekile.

Akaenda nacho dirishani. Akakiinua. Akakisogeza karibu, akakirudisha mbali, akageuza shingo kidogo kama kuku anayesikiliza. Penseli ilikuwa hafifu. Nilihesabu moyoni mpaka ishirini.

"Kweli," akasema. "Kitupu."

Akakikunja, akakitia mfukoni.

Nani anaweka karatasi tupu mfukoni?


Jumapili, 9 Februari

Tumekwenda kumwona Bibi, kwa mama mdogo. "Karibu mke mwenzangu, mbona umekonda?" Husema hivyo kila mara. Hajaniona kwa macho tangu nina miaka mitatu. Nikamwambia yeye ndiye kanenepa, mume wetu anampendelea. Akacheka, akanipigapiga goti.

Mama alipokwenda jikoni kwa mdogo wake, Bibi aliacha kucheka.

Akasema: mama yako siku hizi anatembea na ukuta.

Sikumwelewa. Akasema anakisikia kiganja chake kwenye ukumbi, shaa, shaa, kikipapasa ukuta. "Sauti hiyo naijua. Ni yangu."

Nikamwuliza upofu wake ulianzaje. Sijawahi kumwuliza, nyumbani kwetu haliulizwi. Kumbe alikuwa tayari kusema siku zote. Mganga wa zahanati alimwambia ni mtoto wa jicho, asubiri mtoto akomae ndipo atolewe. "Nikamlea miaka miwili. Kumbe hakuwa mtoto. Alikuwa mwizi."

Ulikuwa ukungu, Bibi? Maana mtoto wa jicho ni ukungu, hilo nalijua.

Hapana. Katikati palikuwa peupe kabisa, angeweza kutia uzi kwenye sindano. Ni pembeni palipokuwa panapungua. Kama mtu anafunga mlango polepole, na wewe umo ndani unashona. Daktari wa baadaye ndiye aliyelitaja jina lake: presha ya macho. Haiumi. Kilichokwisha kuibwa hakirudi. Kilichobaki kinalindwa kwa dawa, ukiwahi.

"Nami sikuwahi."

Mama anajua? Anajua mtoto wa jicho, basi. Upofu wenyewe, Bibi alimwambia ni uzee. Lile jina la pili daktari alisema hufuata damu, na Mama siku hiyo alikuwa amenibeba mimi mgongoni. "Nimtie hofu ya nini?"

Kisha akanipapasa uso kama kawaida yake. Paji, pua, mashavu. Lakini vidole vilikaa juu ya macho yangu. Vilikaa kupita kawaida.


Jumatatu, 10 Februari

Mama amechora jicho ubaoni. Mviringo safi kwa mkono mtupu, wakapiga makofi. Miale inaingia, lenzi inaipinda, inakutana kwenye pazia la nyuma, taswira imesimama kichwa chini.

Kasuku: kwa hiyo wote tunaiona dunia miguu juu? Mama: ubongo unaigeuza. Kasuku: na ukichoka kugeuza? "Hapo ndipo unapopata alama zako za mwaka jana," Mama akajibu. Vicheko!

Nyuma kabisa kuna binti wa miwani minene, wanamwita Miwani basi. Hanyooshi mkono kamwe. Leo kanyoosha. "Madam, mwale ukishafika pale nyuma, nani anaupokea?"

Mama alisimama na chaki. Akasema ni mshipa. Hapo fizikia inaishia, waulizeni wa baiolojia.

Nimechora yangu hapa nyumbani, michoro miwili. Wa kwanza, mtoto wa jicho: mwanga unatawanyika mlangoni, kila kitu ukungu. Wa pili, presha: mwanga unaingia sawa, unapinda sawa, unakutana sawa. Mchoro hauna kosa, ungepata alama zote. Mgeni amefika, anabisha hodi. Mwenye nyumba kahama.

Nimejaribu kumwambia mara tatu wakati wa chai.

"Mama."

"Naam, mboni yangu."

Nikamwuliza kama sukari ipo. Mboni! Katika maneno yote.


Jumatano, 12 Februari

Asubuhi, tukivuka barabara ya shule. Baiskeli ya mkate ilikuja kutoka kulia. Si kwa kasi. Kila mtu aliiona. Mama akashuka barabarani huku akinieleza habari za Ijumaa, kwamba wakaguzi watakuja, kwamba atawaonyesha ile lenzi kubwa. Nikamvuta. Mkono wa blauzi ukachanika begani.

Akanigombeza mbele za watu. Mbona namvuta kama mbuzi wa mnada!

Mwenye baiskeli naye akasema, "Mama, unatembea na macho ya nani?"

Mpaka getini alitembea ameshikilia bega lililochanika.


Ijumaa, 14 Februari

Tulikuwa uwanjani nyuma ya maabara, saa sita kamili, jua limesimama juu ya vichwa. Wakaguzi wawili kwenye viti, mkuu wa shule katikati yao, wanafunzi nusu duara. Mimi nyuma ya wote, na kitambaa changu cha pamba.

Lenzi ile ilitoka kwenye projekta ya zamani. Kubwa kama sahani ya chai. Mama aliishika kwa mkono wa kushoto, na karatasi kwa mkono wa kulia. Akatafuta fokasi: duara la mwanga likawa sarafu, likawa punje, likawa nukta nyeupe isiyotazamika. Karatasi ikafuka, ikatoboka. Wakashangilia. Mkaguzi mmoja akaandika kitu. Nilifurahi jamani, nilifurahi kweli. Nikajiambia labda Bibi amekosea, labda mimi ndiye mwenye wasiwasi wa bure.

Kasuku akauliza jambo. Mama akageuka kumjibu, na mkono wa lenzi ukageuka naye kidogo. Ile nukta ikatoka kwenye karatasi, ikapanda juu ya kifundo cha mkono wake wa kulia. Ikakaa kwenye pindo la blauzi.

Moshi mwembamba. Wote wakautazama. Walidhani ni sehemu ya somo! Hata wakaguzi walitabasamu. Mama aliendelea kueleza, taratibu, na moshi ukipanda mbele ya uso wake, upande wa kulia.

Nikapiga kelele. Mimi! Sikusema Madam. Nilisema, "Mama, unaungua!"

Na yeye akasema, "Wapi?"

Sitalisahau neno hilo. Aliangalia chini, akaangalia kushoto, akaangalia miguu ya wanafunzi. Wapi? Wapi? Kisha joto likafika kwenye ngozi na akaiangusha lenzi. Miwani alikuwa ameshafika na ndoo ya maji. Alikuwa nayo karibu. Nadhani alikuwa ameiweka tayari tangu mwanzo.

Mkuu wa shule alisimama. Hakuna aliyecheka. Kasuku alikuwa analia.

Tulikaa stoo ya maabara, mimi nikimfunga bandeji. Kidonda si kikubwa, kama punje ya hindi. Akatoa kile kikaratasi mfukoni akakiweka juu ya goti.

"Hakikuwa kitupu."

"Ulikisoma?"

"Sikuweza. Nilikusoma wewe. Ukitaka kudanganya unameza mate kwanza, tangu utotoni."

Nikamsomea. Maneno yote. Akatikisa kichwa polepole. Akasema jicho hilo linamsumbua tangu mwaka juzi, lakini ni mtoto wa jicho tu, kama wa Bibi, anamsubiri akomae. Mwalimu wa fizikia! Anayejua ukungu ni nini na kisicho ukungu ni nini! Nikamwambia aliyoniambia Bibi. Mwizi, mlango, presha. Kuwahi. Nikamwambia na lile la damu. Lilinitoka tu.

Nilidhani atauliza habari za jicho lake la kushoto, lile la kazi.

Akanishika kidevu, akanigeuzia kwenye mwanga wa dirisha. Akatazama jicho langu moja. Kisha jingine.

"Wewe kwenye pini hufunga lipi?"

"La kulia."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu wewe hufunga la kulia."

Mkono wake uliobaki kwenye kidevu changu ulikuwa baridi.


Jumatatu, 17 Februari

Mkuu wa shule amempa Mama likizo ya wiki mbili "kwanza". Hilo neno "kwanza" limekaa nyumbani kwetu kama mgeni asiyeaga. Nimekwenda peke yangu kufunga kabati la maabara. Wanafunzi walikuwa wananisubiri. Kasuku ameniletea sanduku la viatu limejaa, amesema hata yeye ameandika sentensi kamili. Miwani alisimama nyuma yake. Aliniuliza tu kama tumepata miadi.

Kesho, saa tatu.


Jumanne, 18 Februari

Naandika kwenye benchi la kliniki ya macho. Daftari liko magotini.

Mama yuko ndani, wamemtia matone mara mbili. Sanduku liko miguuni pangu, amesema nilibebe, tutasoma tukisubiri. Hatujasoma hata kimoja.

Daktari alitoka mara moja. Mwanamke wa makamo, viatu vya raba, sauti ya chini. Amenieleza bila kuzunguka, nikamshukuru kwa hilo. Ni presha. Jicho la kulia limebakiwa na tundu kama la sindano. La kushoto limeshaanza kuliwa pembeni, lakini kuna cha kulinda. Matone kila siku, maisha yote. Kufundisha? Akasema tutaona. Kisha akaniuliza, "Wewe ni binti yake wa kuzaa?"

Ndiyo.

"Umewahi kupimwa?"

Hapana.

"Usiondoke. Nikimaliza na mama, nakuita."

Hiyo ilikuwa nusu saa iliyopita.

Ukutani mbele yangu kuna misumari minne ya kutundikia makoti. Haina koti hata moja. Minne, kwa mstari, kama zile pini. Nimefunga la kulia. Nikautazama wa kwanza, na yote minne naiona, pamoja na mlango na pipa la taka.

Nimefunga la kushoto. Halitaki! Halijazoea. Nimelishikilia kwa kidole gumba kama Kasuku.

Nikautazama wa kwanza tena. Mitatu.

Ni doa pofu. Kila jicho lina doa dogo lisiloona, kila mtu analo, Mama alituonyesha kwa nukta mbili za kalamu. Kumeza msumari mmoja si ajabu. Nimesogeza jicho kidogo, kama alivyotufundisha, ili urudi.

Umerudi. Au najua tu kwamba upo.

Nimejaribu tena nikahesabu polepole. Mtu aliyekaa kando yangu ananitazama. Sitaandika idadi.

Nafikiria kikaratasi cha penseli. Nafikiria nilivyosema kitupu. Ni rahisi sana kusema. Ningeweza kuingia mle ndani, nisimame wima, nisome herufi zote mpaka za mwisho kabisa. Jicho langu la kushoto ni zuri. Tungerudi nyumbani na mgonjwa mmoja tu, na Mama angelala.

Mlango unafunguka. Mama nyuma ya daktari, amenyoosha mkono anatafuta mgongo wa kiti, uso ameuelekeza huku nilipo. Anatabasamu pembeni yangu kidogo.

Daktari ananiita. Atasema funga jicho moja. Sijui kama atasema lipi.